Mali bila daftari: Kupanga uchujaji kwenye ukuta wa moto wa biashara ndogo

MFANYABIASHARA wa jumla anayeijua kazi yake haruhusu hata katoni moja kutoka ghalani bila hati ya kutolea mzigo. Mlinzi wa getini huisoma hati, huhesabu mzigo, hutia sahihi, ndipo lori linapoondoka. Lakini mfanyabiashara huyo huyo mara nyingi ameweka ofisini kompyuta, mashine za mauzo na kamera, akaziunganisha na intaneti kupitia kifaa ambacho hakuna aliyekipa orodha ya kinachoruhusiwa kuingia wala kutoka. Bei za kununulia, madeni ya wateja na maneno ya siri ya akaunti za benki vyote vinapita kwenye geti ambalo mlinzi wake hajapewa maagizo.

Kifaa hicho huitwa ukuta wa moto. Ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya mtandao wa ndani wa biashara na intaneti. Wengi hudhani kukinunua ndiko kujilinda. Sivyo. Kinacholinda ni orodha ya kanuni zilizoandikwa ndani yake, na orodha hiyo ni uamuzi wa biashara kabla ya kuwa kazi ya fundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unahusu data kama unavyohusu magunia ya mchele.

Somo la wiki hii linaeleza jinsi orodha hiyo inavyopangwa, kwa lugha ambayo mwenye duka anaweza kumsomea fundi wake.

Kifaa kinasoma nini

Data husafiri mtandaoni ikiwa imekatwakatwa katika pakiti ndogondogo. Kila pakiti hubeba maelezo kama yale ya juu ya bahasha: anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, aina ya usafiri, na namba ya mlango. Aina za usafiri zinazotumika zaidi ni mbili, TCP na UDP. Namba za milango huanzia 0 hadi 65535, na huduma nyingi zina namba zake za kawaida. Kurasa za wavuti zilizolindwa hutumia mlango 443, na zisizolindwa hutumia 80. Kutafuta majina ya tovuti ni mlango 53. Kutuma barua pepe ni 587, na kuisoma ni 993. Kugawana mafaili katika kompyuta za Windows ni 445, na kuiongoza kompyuta ya Windows kutoka mbali ni 3389.

Ukuta wa moto husoma maelezo hayo na kuyalinganisha na kanuni zake. Aidha, vifaa vya leo vina kumbukumbu ya mazungumzo. Kompyuta ya ndani ikiomba ukurasa, kifaa hukumbuka ombi hilo na kuruhusu jibu lake lirudi bila kanuni ya pili. Njia hiyo ilienezwa sana na kampuni ya Check Point ya Israeli, iliyoanzishwa mwaka 1993, kupitia bidhaa yake ya FireWall-1 ya mwaka 1994. Mwaka 1996 hisa za kampuni hiyo zikaanza kuuzwa katika soko la NASDAQ, na tangu hapo ulinzi wa mitandao ukawa sekta kamili ya uwekezaji.

Kuna mambo matatu ambayo mwenye biashara anapaswa kuyashika kichwani. Kwanza, katika vifaa vingi kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini. Pili, kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua, na zilizo chini yake hazisomwi tena. Tatu, orodha njema humalizika kwa kanuni inayokataa kila kitu ambacho hakikutajwa.

Mlango wa kutoka

Vifaa vingi vya biashara ndogo hutoka kiwandani vikiwa na mpango mmoja rahisi: kinachotoka ndani kinaruhusiwa chote, kinachotoka nje kinakataliwa chote. Wenye biashara wengi huishia hapo. Mpango huo ni bora kuliko kukosa ulinzi kabisa, lakini unafanana na geti ambalo mlinzi huwakagua wanaoingia na kuwafumbia macho wanaotoka na mzigo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya maduka ya Target ya Marekani. Kati ya mwishoni mwa Novemba na katikati ya Desemba 2013, wezi walichukua data za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Walipata njia kwa kutumia ruhusa ya kuingia iliyokuwa imeibwa kwa mkandarasi wa mitambo ya ubaridi aliyekuwa akiihudumia kampuni hiyo. Kutoka hapo waliweza kusogea hadi kwenye mashine za kaunta. Namba za kadi zilikusanywa ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, kisha zikatumwa nje.

Hapo pana makosa mawili ya uchujaji. Mkandarasi wa ubaridi hakuwa na shughuli yoyote kwenye mashine za kaunta, na mashine za kaunta hazikuwa na sababu ya kupeleka data mahali pasipojulikana. Faida ya Target katika robo hiyo ya mwaka ilishuka kwa asilimia 46 ikilinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Mei 2014 mtendaji mkuu wake alijiuzulu, na Mei 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 18.5 kumaliza madai ya majimbo 47 na Wilaya ya Columbia.

Duka la mtaani halina kadi milioni 40. Lakini duka la mtaani halina pia akiba ya kuliwezesha kustahimili pigo la namna hiyo.

Daftari kabla ya fundi

Chukua mfano wa duka la jumla la vipuri vya magari Kariakoo, Dar es Salaam. Lina kompyuta tano za ofisi, seva moja yenye programu ya hesabu na stoo, mashine mbili za mauzo kaunta, kamera nane zenye kinasa picha kimoja, na Wi-Fi ambayo wateja hupewa wakisubiri mzigo. Mhasibu huja mara mbili kwa wiki, na siku nyingine hufanya kazi akiwa nyumbani.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye duka achukue daftari na kuchora safu nne: nani anaomba, anataka kufika wapi, kwa huduma gani, na kwa sababu gani ya biashara. Safu ya nne ndiyo yenye uzito. Mashine ya mauzo inahitaji kufika kwenye seva kwa sababu ndiko iliko stoo. Inahitaji kufika benki kwa sababu ya malipo ya kadi. Haihitaji kufungua tovuti za video. Kamera zinahitaji kufika kwenye kinasa picha. Hazina mteja wala mgavi huko nje.

Kila mstari ambao safu yake ya nne imebaki tupu haustahili kuwa kanuni. Zoezi hili halihitaji utaalamu wowote wa kompyuta, na mwenye duka ndiye anayeliweza kuliko fundi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kazi inavyokwenda.

Kugawa kanda

Hatua ya pili ni kuugawa mtandao wa ndani katika kanda. Sababu yake huwa haielezwi vya kutosha. Vifaa viwili vilivyo katika kanda moja huzungumza moja kwa moja kupitia swichi, bila kupita kwenye ukuta wa moto. Kanuni zilizoandikwa kwenye ukuta haziwahusu. Ikiwa kamera, seva na simu za wageni zote zimo kwenye kanda moja, hakuna kanuni yoyote itakayozitenganisha.

Duka la mfano litagawanywa hivi: Ofisi iwe 192.168.10, Mauzo 192.168.20, Kamera 192.168.30, na Wageni 192.168.40. Anwani zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani, hivyo biashara yoyote inaweza kuzitumia bila kuomba kibali. Seva ipewe anwani isiyobadilika, mathalani 192.168.10.5, na kompyuta ya meneja iwe 192.168.10.20. Kinasa picha kiwe 192.168.30.2.

Kanda hizo zinahitaji ama matundu tofauti ya waya kwenye ukuta wa moto, au swichi yenye uwezo wa kugawa mitandao, uwezo ambao mafundi huuita VLAN. Mnunuzi aulize jambo hili dukani, kwa sababu swichi za bei ya chini kabisa kwa kawaida hazina uwezo huo.

Orodha yenyewe

Daftari la mwenye duka likigeuzwa kuwa kanuni, litaonekana hivi:

1. Ofisi, Mauzo na Wageni kwenda kwenye kifaa chenyewe, mlango 53, TCP na UDP: ruhusu. Bila kanuni hii majina ya tovuti hayapatikani.

2. Kanda zote kwenda kwenye kifaa chenyewe, UDP 123: ruhusu. Hii ni huduma ya saa. Picha ya mwizi yenye tarehe isiyo sahihi haina nguvu mbele ya polisi.

3. Mauzo kwenda kwenye seva 192.168.10.5, TCP 1433: ruhusu. Mlango huo ni wa hifadhidata ya SQL Server. Programu nyingine hutumia namba nyingine, na mwuzaji wa programu aitaje kwa maandishi.

4. Mauzo kwenda kwenye anwani zilizotolewa na benki, TCP 443: ruhusu.

5. Kompyuta ya meneja kwenda kwenye kinasa picha, TCP 443: ruhusu.

6. Wageni na Ofisi kwenda kwenye anwani zote za 192.168: kataa, na uandike kwenye kumbukumbu.

7. Wageni kwenda popote, TCP 80 na 443: ruhusu.

8. Ofisi kwenda popote, TCP 80, 443, 587 na 993: ruhusu.

9. Wote kwenda popote, huduma yoyote: kataa, na uandike.

Kanuni tisa zinatosha kuanzia. Msomaji ataona kwamba kamera hazikupewa kanuni ya kwenda nje. Ombi lolote la kamera kwenda intaneti litashuka hadi namba 9 na kukataliwa. Tahadhari hiyo si ya bure. Mwaka 2016 programu haribifu iliyopewa jina la Mirai iliteka kamera, vinasa picha na ruta kwa maelfu mengi duniani, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kadhaa zikashindwa kufunguka kwa saa nyingi.

Kuhusu kanuni ya 3, msomaji azingatie kwamba mlango wa hifadhidata umefunguliwa kwa Mauzo peke yake. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer ulipita kwenye mlango wa UDP 1434, jirani wa huo wa 1433, na kuambukiza seva zipatazo 75,000, nyingi zikiwa zimeambukizwa katika dakika 10 za mwanzo. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa Julai 2002. Aliyechelewa kuyaweka lakini akawa ameufunga mlango huo kwa nje alinusurika.

Nafasi ya kanuni ni sehemu ya kanuni

Kosa linalotokea mara nyingi si kuandika kanuni mbaya, bali ni kuweka kanuni nzuri mahali pabaya.

Tuseme fundi amebadilisha nafasi za kanuni ya 6 na ya 7. Maneno ni yale yale, lakini sasa ile inayoruhusu Wageni kwenda popote kwa mlango 443 inasomwa kwanza. Neno popote halina maana ya intaneti peke yake. Ni pamoja na seva na kinasa picha vilivyo ndani. Mteja aliyeketi kwenye benchi na simu yake anaweza kufungua ukurasa wa kinasa picha cha duka, na ile kanuni ya kumkataza imo kwenye orodha lakini haimfikii. Duka litaonekana limelindwa na kumbe halijalindwa.

Kwa mantiki hiyo, kanuni za watu wachache na mahali mahususi hukaa juu, na zenye neno popote hukaa chini. Kanuni ya meneja ya namba 5 iko juu ya namba 6 kwa sababu hiyo hiyo. Ingekuwa chini, meneja angezuiwa pamoja na wengine wa ofisini.

Seva nayo imo katika kanda ya Ofisi, hivyo kanuni ya 8 inairuhusu kwenda popote. Hilo ni pengo. Mwenye duka makini ataongeza kanuni juu ya namba 8 inayoizuia seva kutoka nje, isipokuwa kwa saa chache za usiku ambazo inachukua masahihisho yake. Vifaa vingi vinaruhusu kanuni kupangiwa saa.

Mhasibu aliye nyumbani

Hapa ndipo biashara nyingi hujiponza. Mhasibu anataka kuifikia seva akiwa nyumbani, naye fundi, kwa kutaka kumaliza kazi upesi, anafungua mlango 3389 kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye seva. Kazi inafanyika siku hiyo hiyo. Lakini mlango huo sasa uko wazi kwa dunia nzima, na kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikipima milango na kujaribu maneno ya siri. Wadai fidia wa kompyuta wameutumia sana mlango huo kuingilia.

Njia sahihi ni VPN, yaani njia ya faragha ambayo mhasibu huifungua kwanza kwa jina lake, neno la siri na uthibitisho wa pili wa simu, ndipo aruhusiwe kufika kwenye seva tu, bila kugusa kamera wala mashine za mauzo. Vifaa vingi vya biashara ndogo vina huduma hiyo ndani yake. Mhasibu akiacha kazi, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo, kama anavyonyang'anywa funguo za stoo.

Mlango 445 nao usionekane kamwe kutoka nje. Programu ya kudai fidia ya WannaCry, iliyoanza tarehe 12 Mei 2017 na kufika katika nchi zaidi ya 150, ilisambaa kupitia huduma ya mlango huo. Ilifunga mafaili na kudai dola 300 kwa kuanzia. Uingereza ilipata pigo katika hospitali zake za umma. Oktoba 2017 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba taasisi zilizoathirika, ziwe zilikuwa zimeweka marekebisho ya Windows au la, zingeepuka maambukizi endapo zingezisimamia kuta zao za moto zinazoelekea intaneti.

Mambo manne yanayosahaulika

Neno la siri la kiwandani libadilishwe kabla waya wa intaneti haujachomekwa. Ukurasa wa kuongozea kifaa ufunguke kutoka kwenye kompyuta ya meneja tu, na usifunguke kamwe kutoka nje.

Huduma ya UPnP izimwe. Huduma hiyo huruhusu kifaa cha ndani, kama kinasa picha, kujifungulia mlango wa kuingilia bila kumwuliza mwenye nyumba.

Fundi aulizwe kama mtoa huduma ya intaneti anatoa pia anwani za aina mpya za IPv6. Katika vifaa kadhaa, anwani hizo zina orodha yake ya kanuni. Orodha ya zamani ikiwa kamili na ya pili ikiwa tupu, nyumba ina mlango wa nyuma.

Nakala ya mpangilio mzima ihifadhiwe nje ya kifaa. Kikiungua kwa hitilafu ya umeme, kipya kitajazwa kwa dakika chache badala ya kuanza upya kwa kukumbuka.

Kupima kazi

Fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla ya majaribio matatu. La kwanza, mwenye duka ajiunge na Wi-Fi ya wageni kwa simu yake na kujaribu kufungua anwani ya kinasa picha. Isifunguke. La pili, kompyuta ndogo ichomekwe kwenye kanda ya Kamera na kujaribu kufungua tovuti yoyote. Isifunguke. La tatu, milango ya duka ipimwe kutoka nje, kwa intaneti ya mtandao mwingine. Pasipatikane mlango ulio wazi zaidi ya ule wa VPN.

Baada ya hapo, kumbukumbu za kukataliwa zisomwe kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila Jumatatu. Wiki ya kwanza malalamiko yatakuwapo. Simu za WhatsApp, kwa mfano, zinaweza kukwama kwa kuwa hutumia pia milango isiyo kwenye orodha. Kumbukumbu itaonyesha ni milango ipi, na mwenye duka ataamua kama kazi inaihitaji. Dawa ya malalamiko si kufungua kila kitu.

Hatari kubwa zaidi ni kanuni ya muda. Mwuzaji wa programu anaomba afunguliwe mlango kwa siku moja ili arekebishe tatizo. Anafunguliwa, tatizo linaisha, mlango unabaki wazi kwa miaka. Kila kanuni mpya iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, jina la aliyeiomba, sababu, na siku ya kufutwa. Kila baada ya miezi mitatu daftari na kifaa vilinganishwe, kama inavyofanywa kwa hesabu ya stoo. Kanuni iliyo kwenye kifaa na haimo kwenye daftari ifungwe kwanza, maswali yafuate.

Kisichozuilika kwa kanuni

Ni vyema kuwa wakweli kuhusu mipaka. Mawasiliano mengi ya leo yamefungwa kwa msimbo, hivyo ukuta huona anwani ya yanakokwenda bila kuona kilichomo ndani. Mfanyakazi akibonyeza kiungo cha barua pepe ya ulaghai, pakiti zitatoka kwa mlango 443 kama nyingine halali. Tapeli akimpigia keshia simu na kumwomba namba ya siri, au akituma ankara yenye akaunti ya benki iliyobadilishwa, hakuna kanuni itakayomzuia. Nakala za data zinazohifadhiwa nje ya mtandao, masahihisho ya mara kwa mara ya programu, na utaratibu wa kumpigia mgavi simu kabla ya kulipa kwenye akaunti mpya vinabaki kuwa vya lazima.

Kwa mnunuzi na kwa mwekezaji

Anayekwenda kununua kifaa asiangalie bei ya kisanduku peke yake. Aulize ada ya mwaka ya leseni, na ni huduma zipi husimama ada isipolipwa. Kwa vifaa vingi uchujaji wa anwani na milango huendelea, ila orodha mpya za virusi na tovuti hatari hazipatikani tena. Aulize pia kasi ya kifaa kikiwa kimewashwa ukaguzi wote, kwa sababu kasi kubwa inayotangazwa kwa kawaida hupimwa ukaguzi huo ukiwa umezimwa. Mwisho aulize kiwanda kitaendelea kutoa masahihisho ya kifaa hicho hadi mwaka gani. Kifaa kilichoachwa na kiwanda chake ni hasara hata kikitolewa bure.

Mwekezaji mdogo naye ana swali la kuuliza katika mkutano wa wanahisa au kabla ya kuingia ubia: ni nani anayeidhinisha kanuni za ukuta wa moto, na mara ya mwisho zilikaguliwa lini? Jibu la tarehe na cheo cha mhusika ni dalili ya kampuni yenye utaratibu. Jibu la kwamba yupo fundi anayeshughulika na mambo hayo ni dalili nyingine. Sheria nazo zimekwisha kubadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Daftari la wateja likivuja, hasara haiishii kwenye mauzo.

Kwa mwenye duka la vipuri, kazi yote hii ni ya siku moja ya kuandika daftari, siku moja au mbili za fundi, na nusu saa ya kila Jumatatu. Aanze na daftari. Kisanduku kinapatikana dukani, lakini orodha ya nani anastahili kupita getini ataiandika yeye mwenyewe.